Moyo kwa Niaba ya Mkurugenzi

Mume wa mdogo wangu nyumbani tunamwita Kwa Niaba. Jina hilo nilimpa mimi, na sijutii, maana kwa miaka kumi na moja mtu huyo hakuwa akiishi maisha yake mwenyewe. Ni dereva wa Mkurugenzi wa Idara ya Maji, lakini kuendesha gari ndiyo kazi yake ndogo kuliko zote. Kazi yake kubwa ni kwenda mahali ambapo Mkurugenzi hataki kwenda, kukaa kwenye kiti ambacho Mkurugenzi hataki kukikalia, na kusema kwa sauti ya upole, "Mkurugenzi anawasalimu sana, amepata udhuru. Mimi niko hapa kwa niaba yake."

Amehudhuria mikutano ya wazazi kwa niaba ya bosi mpaka shule ikamchagua kuwa mwenyekiti wa wazazi wa darasa la sita, na watoto wake mwenyewe wanasoma shule nyingine kabisa. Amekwenda kwenye misiba isiyomhusu ndewe wala sikio. Upo msiba mmoja alilia vizuri mno, wafiwa wakaacha kulia wao wakaanza kumbembeleza yeye. Akirudi anatoa ripoti, "Tumezika, bosi. Wameshukuru sana kwa machozi yako." Mkurugenzi anaitikia kwa kichwa na kuendelea kusaini mafaili.

Msinielewe vibaya, shemeji yangu si mjinga. Ni mtu mwembamba, msafi, shati lake limenyooka kila siku, na mfukoni ana kitambaa cha njano cha kufutia usukani. Tatizo lake ni moja tu: hajui kusema hapana. Nilimwambia mdogo wangu siku ya posa, "Huyu mwanamume mpole kupita kiasi, atakuja kutuletea balaa." Akanijibu, "Dada, wewe ungependa niolewe na simba?" Basi nikaenda kuwapokea wageni wa posa.

Mimi nina miaka ishirini na miwili kwenye chumba namba saba cha hospitali yetu, kazi yangu kubandika waya kwenye vifua vya watu. Nimeviona vifua vya kila namna. Vya wanene, vya waoga, vya waliojipaka manukato kana kwamba mashine ina pua. Mashine yetu ya zamani ilikuwa na waya kumi tu, na ilikuwa kama kusikiliza ugomvi wa jirani kupitia tundu la ufunguo: unasikia kelele, lakini hujui nani kampiga nani. Mwaka jana tukaletewa mpya. Hii ni fulana yenye vibandiko sitini na vinne, kifuani, ubavuni na mgongoni. Kila kibandiko kinasikiliza umeme wa moyo kutoka upande wake, halafu kompyuta inakusanya umbeya wote huo na kuchora ramani ya moyo kwa rangi. Kijani, mambo shwari. Njano, tukae tuzungumze. Nyekundu, mpigie simu mkeo.

Daktari wetu wa moyo, kijana mpole anayependa kueleza, alinifafanulia siku ya kwanza. "Mama, ramani hii haituoneshi mshipa ulioziba. Inatuonesha mahali ambapo msuli wa moyo una njaa ya damu, kwa sababu umeme ukifika pale unachechemea. Ni kama kujua mtaa gani haupati maji. Bomba lenyewe tutalitafuta baadaye." Akaongeza kwamba moyo husema kweli zaidi ukichoka, kwa hiyo mgonjwa hupimwa akiwa amelala, kisha hupimwa tena baada ya jasho. Kwa ajili ya jasho tuliletewa mkanda wa kukimbilia, lakini haukupita mlangoni. Mpaka leo uko ndani ya sanduku lake kwenye korido, watu wanaukalia. Wagonjwa wetu hupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na kushuka, mimi nikiwahesabia.

Sasa, wakubwa wa mji huu walivyozipenda zile ramani! Zilikuwa na rangi, zina maandishi madogo madogo, na juu pembeni zimeandikwa jina la mwenyewe, au cheo chake, maana wakubwa wetu hujazia cheo pale pa jina. Wakaanza kuzitia kwenye fremu na kuzitundika sebuleni. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwenye benchi, "Wako una njano? Pole. Wangu kijani mtupu, kama uwanja wa mpira." Ikafika mahali bodi ya Idara ya Maji ikaamua kwamba kila mkubwa aliyevuka miaka hamsini alete ramani ya moyo kabla ya kuongezewa mkataba. Na Mkurugenzi ana miaka hamsini na saba, na lifti huichukua hata kwa ghorofa moja.

Jumanne moja saa tatu asubuhi nikaita kutoka kwenye orodha, "Mkurugenzi, Idara ya Maji!" Akaingia shemeji, kitambaa chake cha njano mkononi.

"Bosi wako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ana udhuru, shemeji."

"Udhuru gani? Moyo kauacha kwenye kabati?"

"Ana kikao. Kasema nije kwa niaba yake."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikamtazama usoni, nikaona hatanii. "We shemeji, una akili timamu? Moyo hauwakilishwi!"

"Tafadhali," akasema taratibu, akikikunja kile kitambaa. "Anaogopa mashine. Mkataba wake ukifa, na mimi nimekwisha. Mkurugenzi mpya atakuja na dereva wake. Kasema mimi mwembamba, sivuti, sinywi, moyo wangu lazima utatoka kijani. Ni karatasi tu, shemeji."

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nalisema mwenyewe kabla hamjanisema. Nilimfikiria mdogo wangu na watoto wake watatu, nikajiambia kweli, ni karatasi tu. Nikamwambia vua shati.

Nikambandika vyote sitini na vinne. Akiwa amelala, ramani ikatoka na umanjano kidogo, nikasema labda kibandiko kimelegea. Nikampeleka kwenye ngazi. Alipanda vizuri, lakini aliposhuka alikuwa ameshika taya. "Jino," akasema. Mkono wa kushoto ulikuwa unamuuma pia, akasema huo ni wa kubadilisha gia. Nilikuwa nimeshamlaza nikakumbuka kwamba gari la Mkurugenzi ni otomatiki.

Ramani ya pili ikaja. Ukuta wote wa mbele wa moyo ulikuwa mwekundu. Huyu ndiye aliyebeba meza yangu ya jikoni mgongoni nilipohama, na akarudi kubeba kabati.

Daktari akaingia, akaiangalia skrini kabla ya kumwangalia mtu, kama kawaida yao. "Pole sana, Mkurugenzi. Huwa unapata maumivu ukipanda ngazi?"

Shemeji akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Basi akajibu kwa mazoea ya miaka kumi na moja, "Mkurugenzi hana maumivu, daktari. Anakushukuru kwa kumuuliza."

Daktari hakushangaa hata kidogo. Alishazoea kwamba wakubwa hujizungumzia hivyo. Akapiga simu kwa bodi palepale, maana ndivyo walivyokubaliana: moyo wa Mkurugenzi una hatari, afanyiwe matibabu haraka.

Unadhani huko ofisini mtu alimwonea huruma shemeji? Thubutu! Mkurugenzi alimfokea mlango ukiwa wazi, katibu wake akasikia yote na kunihadithia. "Nimekutuma na moyo mzima, umeniletea mbovu! Umeniharibia moyo wangu! Ningejua ningemtuma mtunza bustani!" Na shemeji naye, badala ya kusema mgonjwa ni mimi, akasema, "Nisamehe, bosi." Jamani! Mtu anaomba radhi kwa kuumwa.

Mdogo wangu akaja chumba namba saba, akakaa juu ya lile sanduku la mkanda. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Dada, atakufa?"

"Akitibiwa hafi."

"Foleni ikoje?"

Nikafungua daftari la foleni. "Kwa dereva, miezi saba. Kwa mkurugenzi, Alhamisi."

Tukatazamana. Sisi ni watoto wa mama mmoja, wazo likimpata mmoja linampata na mwingine. Nikavua koti langu la kazini, nikavaa viatu vya kutokea, nikaenda Idara ya Maji.

Mkurugenzi alinipokea akidhani nimemletea ramani mpya. Nikamwambia, "Mheshimiwa, una njia mbili. Ya kwanza, Alhamisi uende ukalale mezani wewe mwenyewe. Watakupitishia waya mkononi hadi moyoni, waangalie ule mshipa wa mbele, wasikute kitu, halafu daktari aulize ile ramani ilikuwa ya nani. Bodi nayo itauliza."

Akafuta jasho. "Na ya pili?"

"Ya pili, mwakilishi wako amalize kazi uliyomtuma. Umeona wapi mtu akawakilishwa nusu?"

Alifikiri kwa muda mfupi kuliko anaotumia kuchagua tai. "Na baada ya hapo mimi nitaandikwa kwamba nimepona?"

"Utaandikwa."

"Basi aende," akasema. Kisha akaniuliza kama kwa yeye atakayebaki nyumbani kuna dawa yoyote ya kunywa. Nikatoka kabla mdomo wangu haujanifukuzisha kazi.

Alhamisi shemeji akalazwa chumba cha wakubwa, chenye pazia, televisheni na maua yaliyoandikwa "Ugua pole, kiongozi wetu." Karatasi za ridhaa alisaini mke wa Mkurugenzi, ambaye alikuja amevaa miwani mikubwa myeusi na hakuitazama sura ya mgonjwa hata mara moja. Mdogo wangu hakuwa na cheo cha kumwingiza mle ndani. Tukamwandika mfanyakazi wa nyumbani. Shemeji aliporudishwa kutoka mezani, mke wa Mkurugenzi akamwambia mdogo wangu bila kuinua macho kwenye simu, "We dada, hebu mpe mzee maji." Mdogo wangu akamnywesha mumewe maji kama anayemhudumia mgeni. Mikono yake ilitulia kabisa.

Matibabu yalikwenda salama. Daktari alituonesha picha: mshipa wa mbele ulikuwa umebana, ikabaki nafasi ya uzi tu. Wakaupanua, wakauwekea kijibomba cha wavu kuushikilia. "Wiki mbili tatu zaidi," akasema, "tungekuwa tunaongea mengine." Nilikwenda chooni nikalia huko, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Halafu ikatoka barua. Apumzike wiki sita, asibebe mzigo, asipande ngazi kwa haraka. Barua yote imeandikwa Mkurugenzi, Idara ya Maji. Na Mkurugenzi, ambaye katika maisha yake hajawahi kutii barua yoyote ya daktari, hii aliitii neno kwa neno. Akapumzika. Akajinyoosha barazani kwake, miguu juu ya stuli, watu wakimletea matunda. Dereva hakuwa na barua. Kwenye vitabu vya ofisi dereva hakuwa mgonjwa, alikosekana kazini siku mbili bila sababu, na alipewa onyo la maandishi. Jumatatu alikuwa ameinama anaosha magurudumu. Vidonge vyake tu ndivyo alivyovipata bila shida, maana dirisha la dawa walishamzoea: anachukua kwa niaba ya bosi.

"Waambie ukweli!" nilimfokea. "Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Nitaanzaje, shemeji?" akasema. "Nitamwambia nani kwamba moyo ule ulikuwa wangu? Nina ushahidi gani?"

Alisema kweli. Mtu ana kijibomba ndani ya kifua chake na hana hata karatasi moja ya kuthibitisha kwamba kifua ni chake.

Wiki ya saba Mkurugenzi akarudi kazini, na Idara ikamfanyia sherehe ya kupona, uani, chini ya jengo lao la ghorofa nne. Mimi nilialikwa kama fundi aliyegundua ugonjwa. Mwenyekiti wa bodi alikuwepo. Mkurugenzi akashika kipaza sauti na kusimulia jinsi alivyolala juu ya meza ile ya baridi, jinsi alivyouona mlango wa mauti, jinsi alivyowaza familia yake. Akajishika kifua upande wa kulia. Watu wakafuta machozi. Shemeji alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na gari, na nakwambia, hata yeye alionekana kuguswa.

Zikatolewa zawadi. Ya mwisho ilikuwa saa kubwa ya ukutani, nzito, ndani ya sanduku la mbao. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Mkurugenzi akaita bila kugeuka, "Dereva! Pandisha hii ofisini."

Shemeji akaja, akainama, akalishika sanduku. Mdogo wangu, aliyekuwa anasaidia kugawa soda, akasimama na trei mkononi. Shemeji akaliachia sanduku, akanyooka.

"Hapana, bosi," akasema.

"Unasemaje?"

"Daktari kakataza."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Daktari kamkataza Mkurugenzi, wewe inakuhusu nini?"

Shemeji hakucheka. "Leo jiwakilishe mwenyewe, bosi," akasema.

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti wa bodi akamtazama Mkurugenzi kwa jicho la kuuliza, na Mkurugenzi akaona kuna jambo moja tu la kufanya. Akacheka kwa nguvu, akasema moyo wake sasa ni mpya kutoka kiwandani, akalinyanyua sanduku yeye mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Akapanda. Nami pale chini ya ngazi nikasema kwa sauti ya kutosha, "Aliye juu mngoje chini." Sikujua kama ningengoja kidogo hivyo.

Ghorofa ya pili tukasikia sanduku linaanguka. Tulimkuta amekaa kwenye ngazi, uso una rangi ya majivu, shati limelowa, kiganja amekibana kifuani, safari hii katikati. Na wale watu wake, jamani, wakaanza kumcheka kwa upendo. "Ni hofu tu, mzee! Si ulishazibuliwa!" "Gesi hiyo, mpeni soda!" Alijaribu kusema kitu, akashindwa. Akainua macho akamtafuta mtu mmoja tu kati ya wote wale.

Shemeji akamwelewa. Hakumbeba, maana hakuruhusiwa, lakini aliwaamuru wanaume wanne wambebe, na wakatii. Akaendesha yeye. Dakika kumi na mbili baadaye tulikuwa chumba namba saba.

"Nani anapimwa?" nikauliza. Ndiyo, niliuliza. Nina roho mbaya, lakini fomu nayo inauliza.

"Mimi," Mkurugenzi akanong'ona.

"Kwa niaba ya nani?"

"Mimi. Mimi mwenyewe."

Hapo hasira yote ikaniishia. Alikuwa mzee mnene mwenye hofu, kifua chake kimejaa mvi, na mikono yake inatafuta kitu cha kushika. Nikambandika haraka kuliko nilivyowahi kumbandika mtu yeyote. Hatukumpandisha ngazi tena. Alishapanda za kwake. Ramani ikatoka nyekundu upande wa chini.

Daktari akaweka ramani mbili pamoja kwenye skrini, ya zamani na hii. Akakunja uso. "Haiwezekani. Ya kwanza ilikuwa ukuta wa mbele, na tukautibu. Hii imetulia kabisa mbele, na umeme wenyewe una njia nyingine. Hii ni mioyo ya watu wawili." Akamwinamia mgonjwa, akaona hata sura si ile. "Mzee, nataka kukupeleka mezani sasa hivi. Nisipojua ndani ya kifua chako kuna nini na hakuna nini, naweza kukuumiza. Yule niliyemtibu alikuwa nani?"

Mkurugenzi alikuwa amefungwa waya sitini na nne, na hakukuwa na mtu wa kumtuma akajibu. Akanyoosha kidole mlangoni, aliposimama shemeji na kitambaa chake cha njano.

"Moyo ule ni wa dereva," akasema. "Na ile barua ya mapumziko ni yake."

Daktari akanitazama mimi, na ninajua siku ya kutazamwa vizuri zaidi inakuja. Lakini hapo hakuwa na muda. Akavuta faili jipya kutoka kwenye rafu, akalifungua juu ya meza yangu. "Basi matibabu yale yahamishwe kwa mwenyewe, leo hii, na wewe mzee utie saini kabla hatujakupeleka. Jina lake kamili?"

Mkurugenzi akafungua mdomo. Akaufunga. Miaka kumi na moja, misiba yote ile, mikutano ya wazazi, mkono ule ule ukimfungulia mlango wa gari kila asubuhi. Kwenye skrini nikaona mapigo yake yanaongezeka.

"Samahani," akamwambia shemeji, kwa sauti ndogo. "Hivi, unaitwa nani?"

Shemeji akaingia ndani, akasogea karibu na kitanda ili mgonjwa asihangaike kusikia, akamtajia majina yake yote matatu, polepole, moja baada ya jingine. Niliyaandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa, na pale pa cheo nikapiga mstari.